Ushauri: sarafu za Thrakia zenye herufi zisizosomeka, nizieleze vipi?

Mwanafunzi_Sofia: Wakuu, naomba ushauri wenu. Nasoma akiolojia hapa Sofia, Bulgaria, nami natakiwa kuandika insha kuhusu tetradrakma za fedha (sarafu za Kigiriki za thamani ya drakma nne) zilizoigwa Thrakia, eneo la kale ambalo leo limo Bulgaria, Ugiriki na Uturuki, katika karne ya 2 na ya 1 kabla ya Kristo. Sarafu ya asili ilitoka kisiwa cha Thasos: upande mmoja una kichwa cha Dionysos, mungu wa Kigiriki wa mvinyo, kilichovikwa taji la majani, na upande wa pili shujaa Herakles amesimama na rungu lake, amezungukwa na maneno ya Kigiriki yanayomwita mwokozi. Ile niliyoruhusiwa kuishika ina uzito unaokaribia gramu 16, lakini herufi zake zimegeuka vinukta na vijiti, na nywele za mungu zimebaki mistari mitupu. Vitabu nilivyopewa vinasema sanaa iliporomoka. Moyo wangu unakataa, ila sijui hoja nianzie wapi.

Mzee_Forodhani: Mwanangu, anzia kwenye huo uzito. Aliyekosea herufi hakupunja fedha. Huku Zanzibar wazee wetu walipokea reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria iliyoendelea kugongwa kwa mwaka ule ule wa 1780 muda mrefu baada ya malkia huyo kufa, na wengi walioipokea hawakujua Kilatini kilichoizunguka. Waliitambua kwa sura na uzito wake.

Binti_Makumbusho: Kwa heshima ya mzee, naongeza jambo. Usije ukaandika kwamba Wathrakia hawakujua maandishi. Mnamo mwaka 480 KK hivi, Getas, mfalme wa Waedoni, kabila la Kithrakia, aligonga sarafu nzito ya takriban gramu 28 yenye mtu anayeongoza ng'ombe dume wawili, na jina lake pamoja na cheo chake vikaandikwa kwa Kigiriki. Baadaye Seuthes, mfalme wa Waodrysi, kabila jingine la Kithrakia, aliandika kwenye sarafu yake "fedha ya Seuthes". Wafalme hao waliazima herufi za jirani ili watangaze enzi yao wenyewe. Kwa maoni yangu, aliyeacha herufi zigeuke vinukta miaka mia kadhaa baadaye alikuwa na mpokeaji mwingine, ambaye jina la Thasos halikumhusu.

Sonara_Mkongwe: Kumbuka pia kwamba muhuri wa kugongea sarafu huchongwa kinyumenyume, na anayenakili nakala hurithi makosa ya aliyemtangulia. Zipange kwa mfuatano utaona. Tena usiwape Wathrakia peke yao kazi hiyo, maana Wakelti, watu wengine wa kale wa Ulaya, wa pande za mto Danube nao waliiga.

Mwanafunzi_Sofia: Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Kesho nitaomba kuipima tena, safari hii kando ya sarafu halisi ya Thasos.