Wajukuu wa Bibi Kidawa, Mtambwe

ALKHAMISI

Da Saumu, 19:52
Asalam aleikum ndugu zangu. Nakumbusha mara ya tatu. Leo Shaaban mwezi 22, Jumamosi napanda boti ya asubuhi kwenda Pemba na fedha za zaka nataka niwe nazo mkononi. Mpaka sasa wametoa watu sita tu, jumla 3,480,000. Ambaye hajapiga hesabu apige. Fedha yako ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikakaa mwaka mzima wa Kiislamu, toa moja katika arubaini. Milioni arubaini, toa milioni moja. Si hesabu ngumu.

Kombo, 19:58
Milioni arubaini! Da Saumu unazungumza na akina nani? Mie niandike upande wa wapokeaji 😂

Da Saumu, 19:59
Kombo leo sina muda wa mzaha.

Da Saumu, 20:10
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Da Saumu, 20:11
Hiyo ndiyo orodha ya mwaka huu. Mwenye neno aseme leo, si nishafika Wete mnaanza kunipigia simu.

Nassor (Maskati), 20:31
Waaleikumu salaam. Da Saumu, katika ile laki tisa yangu, laki nne mpe Mama. Bati la jikoni linavuja na masika yanakuja.

Da Saumu, 20:33
Mama yako humpi zaka.

Nassor (Maskati), 20:34
Kwa nini? Si mjane, hana kazi, hana kitu? Fukara gani zaidi ya huyo?

Maalim Juma, 20:47
Kaka Nassor, mama akiwa hana, kumtunza ni wajibu juu yako. Ukimpa zaka umejipunguzia mzigo wako kwa fedha ya masikini. Wazazi, babu na bibi, watoto na mke hawamo katika zaka yako. Lile bati litoke mfuko mwingine. Ila ndugu yako, shangazi yako, mtoto wa ami yako, hao akiwa mhitaji na matunzo yake hayako juu yako, mpe, tena una thawabu mbili: ya sadaka na ya kuunga udugu.

Kombo, 20:49
Mtoto wa ami! Humu nani si mtoto wa ami yangu? Nangoja mlangoni

Khadija, 20:49
😂😂😂

Bi Time, 20:55
Msicheke. Mie nina suala. Yule wa vespa kawekwa tena? Mwaka wa juzi nilisema hapa hapa nikaonekana nna choyo. Mtu anapita na vespa mbele ya mlango wangu asubuhi na jioni, halafu sie tunampelekea zaka.

Da Saumu, 20:57
Bi Time ile vespa anachukulia samaki. Ana ndoo mbili nyuma, mpaka Konde anafika. Akiiuza atakula wiki moja, baada ya hapo?

Bi Time, 20:58
Na televisheni nayo anachukulia samaki?

Kombo, 20:59
Anaangalia bei ya changu 😂

Bi Time, 21:00
Ala! Kombo we.

Mwanakombo, 21:04
Samahani, na paa la msikiti wa bondeni je? Haliwezi kupata hata laki mbili humo?

Maalim Juma, 21:06
Msikiti haumo katika wale wanane waliotajwa kwenye aya ya zaka. Zaka anapewa mtu. Msikiti tuuchangie kwa sadaka.

Mwanakombo, 21:07
Sawa Maalim.

Bi Time, 21:09
Basi badala ya huyo wa vespa apewe yule Sharifu anayesomesha watoto wetu chuoni. Kanzu yake nimeiona Ijumaa, imetiwa viraka kwapani. Haombi mtu.

Maalim Juma, 21:15
Huyo ndiye aliyenipa mie alifu. Lakini Bi Time, masharifu ni kizazi cha Mtume (rehema na amani zimshukie), zaka ni haramu kwao. Tumpelekee hidaya kwa heshima yake, lakini mbali na fungu hili, tusichanganye.

Da Saumu, 21:16
Nani anaanza na hidaya ya Sharifu? Mie elfu ishirini.

Da Saumu, 21:24
Naona alama za kusoma ni za watu thelathini.

Kombo, 21:26
Da Saumu na wewe si umo katika aya? "Wanaozitumikia." Jikatie nauli ya boti.

Da Saumu, 21:27
Hata mie nilitaka kuuliza hilo, Maalim.

Maalim Juma, 21:30
Hao ni waliowekwa na mtawala kukusanya na kugawa. Wewe ni wakili wetu tu. Nauli yako tukuchangie sisi.

Da Saumu, 21:31
Nauli yangu nishalipa. Nimeuliza nijue tu.

Ali (Chake), 21:40
Aleikum salaam. Nilikuwa dukani. Mie zaka yangu mwaka huu inafika 1,200,000. Na mnajua Salim nina kiasi hicho hicho kwake tangu tulipokodi lile shamba, karafuu isizae. Miaka minne sasa. Namsamehe, nia iwe ndiyo zaka yangu. Da Saumu andika.

Khadija, 21:41
Mashaallah kaka Ali

Nassor (Maskati), 21:42
Mungu akulipe. Mwenye deni naye yumo katika wale wanane.

Da Saumu, 21:43
Nimeandika. Jumla sasa 4,680,000.

Bi Time, 21:50
Tena mmelitaja wenyewe lile shamba. Mikarafuu ya Bibi nani aliikodisha bila kutuuliza? Ningeulizwa mie, Salim asingeingia deni lile.

Ali (Chake), 21:52
Bi Time, lile tulishalizungumza siku ya hitima.

Bi Time, 21:53
Mlizungumza nyie wanaume barazani. Sie tulikuwa jikoni tunapika.

Da Saumu, 21:55
Jamani, zaka. ZAKA. Mirathi siku nyengine.

Kombo, 21:56
Mie naunga mkono jikoni

Bi Time, 21:57
Kombo nyamaza.

IJUMAA

Ami Hamad, 05:58
🎤 Ujumbe wa sauti (6:41)

Khadija, 06:30
Kwa ambao simu zao hazifungui sauti, Ami kaniambia niandike kama alivyosema:

"Wanangu, Khadija kanisomea yote mpaka mwisho. Aya ya 60 ya Suratu Tawba imetaja wanane, na aliyewataja ni Mwenyezi Mungu, hakutuachia sisi tuchague tunayempenda. Fakiri ni yule mwenye haja ya kumi akapata mbili au tatu. Masikini akapata saba au nane, hazimtoshi. Wote wawili wana haki. Time, wale wa Suratul Kahf walikuwa na jahazi lao, wanafanya kazi baharini, na Qurani imewaita masikini. Jahazi ni kubwa kuliko vespa. Chombo cha mtu cha kazi hakimtoi katika umasikini.

Ali mwanangu, nia yako nzuri, lakini deni hulifuti ukaliita zaka. Kwetu sisi wa madhehebu ya Shafii, zaka itoke mkononi mwako iingie mkononi mwa mwenye haki, aimiliki. Wewe hapo hakuna kilichotoka. Ukitaka, mpe zote mkononi bila sharti. Akitaka kukulipia deni, akitaka kununua mchele, hiari yake. Mkishapatana kwamba atakurudishia, zaka yako bado iko shingoni mwako.

La mwisho. Saumu, umeandika majina kumi na moja mbele ya watu thelathini na nane. Salim yumo humu. Mke wa huyo wa vespa yumo humu. Mama alikuwa akitoka baada ya isha, pishi ya mchele kaifunga ndani ya kanga, na mie mtoto nimembebea kandili. Tukifika penye ule mwembe ananambia, Hamad, simama hapa. Anachukua taa, anakwenda peke yake. Mie nangoja kizani. Mpaka leo sijui nyumba ilikuwa ipi."

Da Saumu, 06:52
Ami nimekusikia. Nimeifuta. Niliowataja jana, nawaomba radhi.

Maalim Juma, 07:05
Na mie radhi. Kosa la deni niliona usiku nikanyamaza.

Bi Time, 07:40
Tumesikia Ami.

Kombo, 08:15
🤲

Salim, 11:32
Asalam aleikum. Nilikuwa nimelala mapema jana. Deni la kaka Ali nalitambua, karafuu ikizaa nitalipa. Zaka wapeni wenye shida zaidi.

Ali (Chake), 11:50
Salim nipigie baada ya Ijumaa.

Ali (Chake), 13:44
Salim?

Da Saumu, 14:20
Kaka Ali, basi ile 1,200,000 niiandike au niitoe? Na Kaka Nassor, laki nne ya Mama umeitenga au bado imo? Mie jumla yangu haikai sawa. Kila mtu anijibu pembeni, si hapa.

Nassor (Maskati), 14:58
Ya Mama nishamtumia mwenyewe. Laki tisa ibaki yote.

Bi Time, 15:10
Hidaya ya Sharifu weka elfu hamsini yangu. Na lile shamba, Ami, tukija sikukuu tukae wote. Na wanawake.

Ami Hamad, 15:36
🎤 Ujumbe wa sauti (0:04)

Khadija, 15:37
Kasema: "Mtakaa."

Da Saumu, 17:02
Kaka Ali bado nakungoja. Boti saa moja asubuhi.

Mwanakombo, 21:18
Nimefungua simu sasa hivi. Salim nimemuona skelini Wete jioni, anaulizia boti ya Unguja. Kuna aliyezungumza naye?