Kuingia Kongo ya Wabelgiji: walichuja rangi au mfuko?

Swali hili lilizuka matangani, huku Katuba, Lubumbashi, mbele ya wazee na vijana waliokesha pamoja. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu ninayemheshimu sana, alisema kwamba tunakosea tunapodai serikali ya kikoloni ilibagua watu kwa rangi katika uhamiaji, kwa sababu hata Mbelgiji asiye na fedha alikataliwa kuingia Kongo. Kwa maoni yake kilichopimwa kilikuwa mfuko. Vijana wengi walimkubalia. Mimi sikumkubalia, na kwa kuwa matanga si mahali pa kubishana na mzee, naleta hoja yangu hapa.

Alichosema kuhusu Wabelgiji ni kweli. Kwa miaka mingi mgeni aliyetaka kuishi Kongo alitakiwa kuweka dhamana ya fedha au kuonyesha mkataba wa kazi, na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya Wazungu wasifike hata asilimia 1 ya wakazi ulipofika uhuru wa 1960. Kenya na Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo) serikali ziliwaita walowezi wakalime. Brussels ilihofia walowezi wengi. Lakini tuulize walimhofia Mzungu maskini kwa nini. Mtawala aliyejengwa juu ya imani kwamba kila mwenye ngozi nyeupe amezaliwa kuamrisha hawezi kuvumilia Mzungu anayeomba omba sokoni, au anayebeba mzigo mbele ya watu anaodaiwa kuwastaarabisha. Katanga walikuwa wamekwisha kuona mfano: mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika hapa, ikaleta mafundi weupe waliozungumza Kiingereza, na kufikia 1920 wafanyakazi weupe walikuwa wakigoma. Basi ule mchujo wa fedha wenyewe ulilinda heshima ya rangi.

Sasa tumtazame Mwafrika, ambaye hakuhitaji hata kuvuka mpaka wa nchi ili aulizwe karatasi. Kwa sheria ya 1933, aliyetaka kutoka katika eneo la chifu wake kwa zaidi ya siku 30 alihitaji ruhusa ya uhamisho. Kambo, kama tunavyomwita babu huku kwetu, alitoka Kabongo, ndani ya Katanga hiihii. Kijitabu chake cha utambulisho bado kiko katika sanduku la mama: alama ya kidole gumba iliyofifia, jina la chifu, muhuri juu ya muhuri, na kwa wino wa zambarau siku aliyoruhusiwa kuondoka. Ni Mbelgiji gani aliyeomba muhuri ili ahame kutoka Liège kwenda Antwerp?

Jibu la kwanza

Ndugu, umeandika vizuri, lakini umechanganya mambo mawili. Kumzuia mwenyeji kutembea ni udhalimu, nakubali, ila huo si uhamiaji. Ukitazama mlango wa kuingilia, Weusi walitafutwa. Watu wa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na wa Ruanda-Urundi waliletwa migodini kwa maelfu, wakapewa nyumba na posho. Kwa upande mwingine Wagiriki, Waitaliano na Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes walidharauliwa na Wabelgiji ingawa ngozi zao zilikuwa nyeupe. Hapo rangi inaeleza nini?

Mwanzilishi wa mjadala

Nakushukuru, maana umenigusa mahali penye udhaifu. Neno «kuingia» nililitumia kiholela. Hata hivyo kuletwa si kuingia. Ofisi ya kuandikisha wafanyakazi iliyoanzishwa 1910 ilikusanya wanaume kwa mkataba, wakapimwa afya, wakahesabiwa, na mkataba ukiisha, hasa kabla kampuni ya shaba haijaanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwatuliza wafanyakazi pamoja na wake zao, walitazamiwa kurudi walikotoka. Huyo Mgiriki aliyedharauliwa alifungua duka kwa jina lake na kulala mjini. Mchimbaji kutoka Rhodesia alilala ng'ambo ya ule ukanda mtupu uliotenganisha mji wa Wazungu na mtaa ambao leo ni Kamalondo, ukanda walioueleza kuwa ni kinga dhidi ya malaria, ingawa mpishi, boyi na yaya waliuvuka kila alfajiri. Mbu, inaonekana, alijua saa za kazi.

Tena mlango una pande mbili. Mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Tervuren kutazamwa kwenye maonyesho, na saba walifia huko. Mwaka 1958, katika maonyesho makubwa ya Brussels, wengine waliwekwa nyuma ya uzio wa kijiji cha kuigiza mpaka wakachoka na kejeli za watazamaji wakaondoka. Kati ya miaka hiyo, Mkongo aliyetaka kwenda Ubelgiji kusoma alipata nafasi kwa nadra mno: Thomas Kanza alihitimu chuo kikuu cha Leuven mwaka 1956 tu, miaka minne kabla ya uhuru. Hao wote nao walipimwa mfuko?

Jibu la pili

Mimi ndiye mwalimu aliyesemwa hapo juu; wajukuu wamenisomea. Mwanangu, hilo la dhamana bado nalishikilia, kwa sababu nilimwona kwa macho yangu Mzungu aliyefilisika akipandishwa treni kurudishwa kwao. Ila kuna jambo sikulisema matangani. Baba yangu alikuwa karani, mwenye mshahara, baiskeli na viatu vya ngozi, na mfuko wake haukuwa mtupu. Alipochelewa kazini mjini, bwana wake alimwandikia kikaratasi cha kumwonyesha polisi njiani. Yule Mzungu aliyefilisika alikuwa akitembea usiku bila kuandikiwa chochote, mpaka siku ya treni.