Nahama Outlook kwenda Thunderbird: barua za miaka tisa, naziona za wiki mbili tu

Kontena40
Wakuu habari za kazi. Mimi ni karani kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Kurasini. Tuko watatu, na barua pepe zote za wateja zinaingia kwenye mashine moja, yangu. Tangu 2016 tunatumia Outlook 2016, programu ya barua pepe ya Microsoft, na kama mnavyojua msaada wake ulikoma Oktoba 14, 2025, siku moja na Windows 10. Bosi kasema habari ya kulipia kila mwaka hataki kuisikia, nitafute cha bure. Nikasomasoma, nikaangukia Thunderbird.

Jumamosi nikaipakua, nikajaza anwani na nenosiri, ikakubali bila maswali mengi. Kufungua kikasha, barua zinarudi nyuma wiki mbili tu, chini ya hapo hamna kitu. Folda ya zilizotumwa nyeupe kabisa! Nikifungua Outlook naziona zote, mpaka BL (hati za mzigo wa meli) za 2016.

Nimeifunga na sijaigusa tena, roho iko juu. Je, nimechagua programu mbaya? Mmoja ananiambia eM Client, mwingine Mailbird. Ipi inabeba barua za zamani? Mashine yenyewe RAM 4, diski ile ya kuzunguka. Natanguliza shukrani.

pwagu2
Mkuu hayo mambo ya 2005. Fungua Gmail kwenye kivinjari maisha yaendelee.

Kontena40
Anwani ni ya domeni yetu ya .co.tz, wateja wa Lubumbashi na Kigali wanaijua hiyo hiyo. Halafu intaneti ikikata, mteja yuko kwenye simu anataka namba ya kontena, nitamwambia asubiri mtandao urudi?

mama_seva
Hujapoteza kitu, tulia. Ila Outlook usiiondoe wala usifute chochote humo. Kwanza nijibu: kwenye mipangilio ya akaunti ya Outlook, mbele ya anwani yenu pameandikwa IMAP au POP?

Kontena40
POP/SMTP.

mama_seva
Nilijua, hizo wiki mbili zimekusaliti. Chukulia sanduku la posta, S.L.P. ya ofisi. POP ni tarishi anayekwenda na ufunguo, anazoa barua zote na kuzileta ofisini. IMAP anakwenda kuzisoma pale pale posta na kuziacha sandukuni. Outlook yenu ni tarishi wa kwanza. Isipoguswa, mpangilio wake ni kuacha nakala kwenye seva siku 14, kisha inaifuta. Thunderbird wewe umeifungulia kwa IMAP, kwa sababu yenyewe hupendelea hiyo, ikakuta sandukuni zilizobaki za siku 14. Na ulizotuma hazikuwahi kuwa kwenye seva, ziko kwenye mashine yako peke yake.

Kwa hiyo hata ungechukua eM Client ungeona wiki mbili zile zile. (Na leseni yake ya bure ni ya matumizi binafsi, ofisi haihusiki.) Barua zenu za miaka tisa ni faili moja lenye mkia wa .pst. Angalia kwenye Documents, folda ya Outlook Files. Lina ukubwa gani?

Kontena40
GB 17.3. Yaani ofisi nzima iko kwenye faili moja? Na halijawahi kunakiliwa popote.

fundi_keko
Diski ya kuzunguka ya 2016, bila nakala. Kijana unalala usingizi?

mama_seva
Leo hii, kabla ya kitu kingine chochote, funga Outlook kabisa na unakili hilo faili nje. Mengine yatasubiri.

Kontena40
Flashi ya GB 32, nimeifuta iko tupu, inakataa. Eti faili ni kubwa mno.

fundi_keko
Hiyo flashi iko kwenye FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, haipokei faili moja linalozidi GB 4 hata kama nafasi ipo kibao. Ifomati upya, chagua exFAT au NTFS. Kuna watu wamekwenda kununua flashi nyingine kwa sababu ya hilo.

Kontena40
Imekubali. Dakika arobaini na kitu, nimeikodolea macho kama mtu anayesubiri maharage yaive.

BandariSalama
Wakuu, kwa nini asibadilishe akaunti ya Outlook iwe IMAP, akaburuta barua zote kwenda kwenye seva? Kisha Thunderbird izione zenyewe. Mimi nilifanya hivyo, ikakubali.

mama_seva
Njia nzuri kama sanduku la kwenye seva ni kubwa. Kontena40, mmepewa nafasi kiasi gani?

Kontena40
GB 1 kwa kila anwani.

mama_seva
Basi jibu hilo. GB 17 hazikai kwenye GB 1, na bando lingeisha kabla ya kufika 2018. Za zamani zikae kwenye folda za ndani za Thunderbird, mpya ziende IMAP.

Thunderbird yenyewe inajua kuchukua kutoka Outlook, lakini ina masharti. Outlook iwe bado imewekwa kwenye mashine hiyo hiyo, na iwe ndiyo programu kuu ya barua kwenye Windows wakati unaingiza. Wengi huiondoa Outlook kwanza halafu ndipo wanaanza kulia. La pili linawakwamisha hata mafundi: Office 2016 nyingi ziliwekwa za biti 32 hata kama Windows ni ya 64. Fungua maelezo kuhusu Outlook, mstari wa juu utakwambia. Ikiwa ni 32, basi chukua Thunderbird ya biti 32 pia, la sivyo hazitasemezana. Kisha nenda kwenye menyu ya zana, chagua kuingiza, chagua Outlook, barua peke yake kwanza. Anza jioni uiache usiku kucha.

Na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: kabla hujaanza, iweke Outlook ifanye kazi nje ya mtandao, na usiirudishe tena. Ukiiacha wazi, kila baada ya dakika kadhaa tarishi atakwenda posta, na zikifika siku 14 atazifuta barua ambazo Thunderbird inazisoma huko huko. Utaona barua zinayeyuka mbele ya macho yako uje hapa kusema Thunderbird inakula barua.

pwagu2
Nimerudi kimya kimya kusoma. Hii ya tarishi nimeielewa.

Kontena40
Ilikuwa 32 kweli. Nimeanza saa kumi na mbili jioni, nikaenda nyumbani. Asubuhi nimekuta imemaliza ila diski inakoroma, mashine nzito haifunguki.

fundi_keko
Inatengeneza faharasa ya kutafutia. Iache hata siku nzima, usiizime kwa hasira.

mama_seva
Wakati inakoroma chukua karatasi. Andika idadi ya barua kwenye kila folda ya Outlook, mbele yake idadi ya Thunderbird. Kisha fungua barua kama tano za miaka tofauti zenye viambatisho, ufungue na PDF zenyewe.

Kontena40
Folda 31. Zote zimelingana isipokuwa moja, ya mteja mmoja wa 2019, zimepungua tatu. Nimezitafuta moja moja: ni mialiko ya mikutano, si barua za mzigo. Nimezichapa kwenye karatasi yaishe. BL ya Machi 2017 imefunguka na mihuri yake.

Tatizo ni majina. Outlook nikiandika herufi mbili tu anwani inajitokeza, huku hamna.

mama_seva
Yale yanayojitokeza si kitabu cha anwani, ni kumbukumbu ya Outlook tu, na hayahami. Waliomo kwenye kitabu chenyewe watoe kama faili la CSV (orodha ya maandishi tu) uwaingize. Wengine Thunderbird itawakusanya kila unapowaandikia, wiki mbili tatu utasahau. Saini na kanuni za kupanga barua pia utaandika upya. Na kuanzia sasa nakili folda nzima ya profaili, ile Thunderbird inamohifadhi barua na mipangilio yake, kila Ijumaa, Thunderbird ikiwa imefungwa.

Kontena40
Sawa dada, Mungu akubariki. La mwisho: mteja wa Lubumbashi viambatisho vyake vinakuja kama faili moja linaitwa winmail.dat, halifunguki. Outlook yalikuwa yanafunguka.

mama_seva
Hilo linatoka kwake, Outlook yake inatuma kwa mtindo wa Rich Text, ambao programu nyingine haziuelewi. Mwombe abadilishe atume kwa HTML, akutumie tena.

Kontena40
Nimempigia. Kasema hajui HTML ni nini, atanitumia WhatsApp.