Karani wa AMCOS na tableti ya kugusa: deskitopu bado ina kazi?

KaraniTandahimba
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri kabla sijatuma hela Dar.

Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku Tandahimba. Msimu wa korosho mkulima anashusha gunia, linapanda mizani, naandika jina, namba yake ya mkulima, kilo na daraja. Mchana niko kibandani kwenye mizani, jioni naingiza vyote kwenye Excel. Mnada ukishapita napiga hesabu ya makato na malipo ya kila mtu, naprinti orodha, inabandikwa ukutani. Faili lenyewe tuliachiwa na karani wa zamani, lina kitufe ukikibonyeza linajikokotoa lenyewe.

Kompyuta mpakato niliyonayo betri imekufa, umeme ukikatika nayo inazima palepale. Binamu yangu yuko Kariakoo, kaniletea chaguo mbili, bei haziachani sana: tableti mpya ya Android ya inchi 10 yenye kibodi ya kuchomeka, au Surface Pro 4 iliyotumika, tableti ya Microsoft yenye Windows. Yeye anasema mambo ya deskitopu, ule uso wa kompyuta wa madirisha na mausi, yamepitwa, siku hizi ni kidole tu. Mwenyekiti wetu naye anasema bila deskitopu hiyo ni simu kubwa. Nimsikilize nani?

ChipukiziMikindani
Chukua Android mkuu, usijitese. Mimi nasambaza samaki hapa Mikindani, oda, risiti, malipo, vyote nafanya kwa kidole. Chaji inakaa, unaweka laini yako, umemaliza. Deskitopu ilitengenezwa kwa mtu mwenye meza. Wewe una mizani.

MwlNachingwea
Kaka Karani, pole na kazi. Mimi ni mwalimu, ninacho kishikwambi, yaani tableti, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 halafu vikagawiwa kwetu. Kwa sensa kilifaa kabisa, kwa sababu programu yenyewe iliandikwa kwa ajili ya kidole: swali moja, majibu yamepangwa makubwa, unachagua, unasonga mbele.

Sasa kaa nacho ujaze matokeo ya darasa zima. Ukigusa kisanduku, kibodi ya kwenye kioo inapanda na kumeza karibu nusu ya nafasi. Unabakiwa na mistari michache, na ukisogea kulia kwenye alama za Hisabati majina yameshapotea upande wa kushoto. Kidole chenyewe kinafunika visanduku viwili vitatu, unadhani umegusa wa Asha kumbe ni wa Athumani. Mtoto akipewa alama za mwenzake tunarekebisha yanaisha. Mkulima akiwekewa kilo za jirani, hapo ofisini hapatakalika.

Kibodi ya kuchomeka inapunguza shida. Na uigandishe ile safu ya majina isitembee. Lakini mausi utaitafuta tu.

FundiShangani
Mnabishana kioo, hakuna aliyemuuliza faili. Karani, angalia jina la faili lako linaishia na nini. Kama ni xlsm, kile kitufe ni makro, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya faili yajiendeshe yenyewe, na Excel ya Android haiendeshi makro. Ya iPad pia haiendeshi. Utalifungua, namba utaziona, ukibonyeza kitufe kimya. Ndugu Chipukizi na samaki wake halimhusu, programu zake zilizaliwa kwenye simu.

Huu ubishi si wa leo. Enzi hizo nilikuwa na intaneti kafe hapa mjini. Windows 8 ilitoka Oktoba 2012, Microsoft wakataka kompyuta zote zitembee kama tableti, kitufe cha Start wakakitoa. Ukiwasha unakutana na vigae vya rangi. Mteja anamaliza kazi hajui kuzima mashine: inabidi apeleke mausi pembeni kulia mpaka utepe utokeze, aingie kwenye mipangilio, ndipo akute pa kuzimia. Wengine walikuwa wanachomoa waya. Mwaka 2013 toleo la 8.1 likarudisha kitufe, ila ukikibonyeza kinakupeleka kwenye vigae vilevile. Menyu yenyewe imerudi na Windows 10, Julai 2015. Kwa hiyo binamu ajue kwamba waliotangulia kuizika deskitopu ndio waliokuja kuifukua.

Na tahadhari: Kariakoo bado unaweza kukutana na Surface RT, ile ya kwanza ya 2012. Ukiiwasha deskitopu unaiona, Excel imo, lakini programu za kawaida za Windows haisakinishi, na Excel yake makro haitaki. Yaani deskitopu ya kuangalia. Ukiona RT mahali popote, rudisha. Surface Pro ni kitu kingine, ile ni kompyuta kamili ndani ya umbo la tableti.

ChipukiziMikindani
Fundi umeongea, ila hizo ni habari za zamani. Samsung wana DeX, tableti yao inageuka deskitopu na madirisha yake. iPad ilianza kupokea mausi vizuri 2020, na mwaka 2025 ikawekewa madirisha ya kuvuta na kupanga kama kompyuta. Kugusa kumekua.

FundiShangani
Mdogo wangu, umenisaidia hoja. Waliokuwa wanauza kidole kitupu wenyewe wameongeza mausi na madirisha. Ila dirisha si programu. DeX inakupa sura ya deskitopu, ndani ni Excel ileile ya Android.

KaraniTandahimba
Nimeangalia, ni xlsm. Na printa yetu ni ya waya, ya zamani. Nashukuru sana Fundi, nawe Mwalimu. Kwa hiyo Surface Pro 4?

FundiShangani
Pole pole. Hiyo ni ya 2015. Windows 11 haiikubali rasmi kwa sababu ya prosesa, na Windows 10 masasisho yake ya kawaida yalikoma Oktoba 14, 2025. Kwa kazi ya Excel na printa itakwenda, lakini usiifanye ya kuzurulia mtandaoni, na nakala ya faili weka kwenye flashi kila jioni. Ukiweza kuongeza hela, tafuta Surface Pro 6 kwenda juu, hizo Windows 11 inazipokea.

Halafu Pro 4 zina ugonjwa unaojulikana: kioo kinaanza kutetemeka kikipata joto. Na joto la Tandahimba unalijua. Binamu aiwashe, aweke mwanga juu, aiache inafanya kazi saa nzima, ndipo alipe. Betri nayo imegandishwa kwa gundi, kuibadilisha ni kazi. Mpakato wako je, betri haibadiliki? Pengine hela yote hii si ya lazima.

KaraniTandahimba
Hiyo ya mpakato nimeitafuta Newala na Mtwara mjini nimekosa. Kwenye mizani nifanyeje? Jua linapiga kwenye kioo na vidole vimejaa vumbi la magunia.

MwlNachingwea
Kwenye mizani kaka baki na daftari au simu yako. Tengeneza fomu fupi ya kugusa: namba ya mkulima, kilo, daraja, basi. Hapo Chipukizi yuko sahihi, kidole kinatosha. Jioni unahamishia kwenye faili kubwa kwa mausi na kibodi.

ChipukiziMikindani
Angalau nimepata pointi moja, mwalimu 😂 Karani, muulize binamu kama hiyo Surface inakuja na kibodi yake. Kibodi zile zinauzwa kivyake, na wengi wanakutajia bei ya kioo kitupu.

KaraniTandahimba
Nimempigia. Kibodi haimo. Anarudi dukani kesho kuulizia Pro 6, nitawaletea bei hapa.