Gemu ya kucheza kwa mwili kwa mzee wa miaka 74: Wii, Kinect au Switch?

BintiMakorora
Wakuu, habari za jioni. Baba yangu yuko Tanga, ana miaka 74. Zamani kila alasiri alikuwa barazani anacheza bao. Mwenzake wa bao alifariki mwaka jana, na tangu hapo ni kochi tu, kuanzia taarifa ya habari hadi taarifa ya habari. Daktari kamwambia atembee. Anafika getini, anarudi. Presha anayo ila dawa zinaishika vizuri, na goti la kulia linamsumbua. Kaka yangu aliyeko Muscat anataka kumtumia mashine ya gemu, zile za kucheza kwa kurusha mkono na kutikisa mwili. Tumebaki na tatu: Wii, Xbox 360 yenye Kinect, na Nintendo Switch. TV ya mzee ni ya chogo na kwa hilo haambiliki. Tuchukue ipi?

FunditvKkoo
Dada, chogo limeshajibu nusu ya swali. Switch inataka HDMI, lile tundu la TV za kisasa. Wii ina zile waya za njano, nyeupe na nyekundu, unachomeka umemaliza. Tahadhari moja: Wii ilitoka 2006 na uzalishaji wake ukasimama 2013, kwa hiyo utapata mtumba. Iliyotokea Marekani adapta yake ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 utasikia "pwa!" na harufu juu. Nimeshaletewa kadhaa mezani. Kaka asome maandishi ya nyuma ya adapta kabla hajalipa. Visahani vya gemu navyo vinakwenda kwa kanda za dunia: cha Marekani hakisomi kwenye mashine ya Ulaya.

KijanaWaNyali
Jameni, Wii mwaka huu? Mnunulieni mzee TV mpya na Switch. Switch Sports ya 2022 ina boling, tenisi, hata voliboli. Kuna na Ring Fit, unashika pete unaibana kwa mikono, kamba nyingine unafunga pajani. Mamangu ana 58 na hiyo pete anaibana kuniliko.

MbebaBoksi_Minnesota
Nyali, 58 na 74 yenye goti bovu ni watu wawili tofauti. Ring Fit itamchuchumaza kila dakika.

Mimi nafanya kazi kwenye makao ya wazee huku. Kinachochezwa ni boling ya Wii, basi. Unabingirisha tufe, pini kumi zianguke. Anayetumia kiti cha magurudumu anacheza hapo hapo alipokaa, kwa sababu mashine inasoma rimoti, haisomi miguu. Kinect tulikuwa nayo, sasa iko stoo. Haina rimoti, kamera inakutazama mwili mzima, unatakiwa usimame mbali kama mita mbili, na mhudumu akimshika bibi mkono mashine haijui nani ni nani.

Kazi iko kwenye kitufe cha B, kile cha chini ya rimoti. Unakibana, unarudisha mkono nyuma, ukifika mbele unakiachia. Wazee wengi siku ya kwanza wanaachia rimoti nzima. Ile kamba ya kiganjani msiidharau, TV ya chogo yenyewe kioo.

FizioMwanza
Naunga mkono Wii, kwa masharti. Kwanza, kama ameanguka ndani ya mwaka huu, aonwe na mtaalamu kabla ya gemu yoyote. Pili, ile Balance Board, ubao wa kusimama juu yake, msinunue sasa. Ina kimo cha kama sentimita tano, mzee akirudi nyuma huku macho yako kwenye TV anakosa ukingo. Ondoeni mkeka, avue kandambili, na kiti kizito kisicho na magurudumu kikae upande wa goti bovu. Asiinuke ghafla kwenye kochi na kuanza kurusha; dawa za presha zinaleta kizunguzungu.

Kuhusu akili: wapo wazee ukiwasemesha wakiwa wanatembea, wanasimama kwanza ndipo wajibu. Sisi hiyo tunaiangalia sana, maana kichwa na miguu vinashindwa kufanya kazi pamoja. Bao linachangamsha kichwa, miguu imelala. Kutembea hadi getini ni kinyume chake. Kwenye boling anapima pembe, anahesabu pini zilizobaki, na huku anahamisha uzito wa mwili.

MamaZuhura
Swali mmeliruka. Atacheza na nani? Baba yako hakupungukiwa mchezo, mwanangu, amepungukiwa mpinzani.

BintiMakorora
Shikamoo mama, hilo lilinigusa. Mrejesho baada ya wiki tatu: kaka alituma Wii, adapta ya 230. Panya wakatafuna waya wa kile kijiti kinachokaa juu ya TV. Fundi akaniambia faragha kwamba kile ni taa tu zisizoonekana kwa macho, rimoti ndiyo inayoziona, nijaribu mishumaa miwili. Ikafanya kazi! Mzee akakataa: "Unaniwekea mkesha?" Tumepata kijiti kingine.

Mpinzani ni mtoto wa jirani, darasa la tano, anakuja saa kumi kila siku. Pini zikianguka zote mzee anapiga kelele, "Mtaji!" Tufe likiingia mfereji ananung'unika, "Nimetakata." Mtoto naye anasema hivyo hivyo bila kujua ni maneno ya bao, na jana kauliza. Bao limeshushwa kabatini.

Fizio, goti halijalalamika, ila bega la kulia linauma.

FizioMwanza
Anarusha kama anatupa nanga. Mwambie mashine inasoma wepesi wa kiganja, nguvu za bega hazihitajiki. Apumzike siku mbili, kisha atumie mkono wa kushoto, robo saa tu. Likizidi kuuma, au likimwamsha usiku, mpelekeni hospitali.

BintiMakorora
Nimemsomea. Anasema wa kushoto ni kumpendelea mtoto.