Kaka ana CML, anajiona amepona, anataka kuacha Imatinib

Dada_wa_Kihonda

Habari za leo ndugu zangu. Naandika kwa ajili ya kaka yangu, ana miaka 34, dereva wa bajaji hapa Morogoro. Mwaka jana alianza kukonda, usiku analoa jasho mpaka shuka, na tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu likawa gumu. Tukatibu malaria, tukatibu taifodi. Mwishowe FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ikaonyesha chembe nyeupe zaidi ya laki mbili, tukapewa rufaa, na huko wakasema ni saratani ya damu aina ya CML. Akaanzishiwa vidonge vya Imatinib miligramu 400 kila siku.

Sasa tumbo limerudi kawaida, anakula vizuri, yuko barabarani tangu alfajiri. FBP ya mwisho haina kasoro. Basi amegoma. Anasema kapona, na kidonge kinamvimbisha macho na kumbana misuli ya miguu usiku, aendelee nacho cha nini? Jirani anamletea dawa ya mizizi ya kusafisha damu. Na mchumba wake ameanza kusita, kasikia ugonjwa unaambukiza na watoto watarithi. Mliopitia haya, hizi dawa ni mpaka lini? Nimwambie nini anielewe?

Mama_Wawili

Pole sana dada. Mimi nauguza mtoto wa ndugu yangu mwenye leukemia, ila yake ni ALL, aina nyingine ya saratani ya damu, mambo ya dripu na kulazwa. Saratani za damu ni nyingi, usibebe ushauri wa kila mtu. Subiri wenye CML waje. Kwenye mizizi tu nitasema: kwetu pia ililetwa, daktari akaikataa kwa sababu ya ini.

Fundi_Chumbageni

Mwanangu, pole, na hongera kwa kumshikilia kaka yako. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina CML tangu 2012. Ugonjwa ulianza kuonekana kwenye nguo. Suruali zangu nazishona mwenyewe; kiuno kikawa hakifungi, na wakati huohuo mabega ya shati yananing'inia. Nikachukua futi nikajipima, tumbo limeongezeka, kifua kimepungua. Kumbe ni bandama, imeshuka mpaka usawa wa kitovu.

Cha kwanza umwambie hivi: FBP inahesabu chembe tu. CML inatokea pale kipande cha kromosomu ya 9 na cha 22 vinapobadilishana nafasi kwenye seli ya uboho ndani ya mfupa, ikapatikana jeni mbovu, BCR-ABL, inayoziamuru chembe nyeupe zizaliane bila kusimama. Imatinib inazima ile amri. Seli zenye ubovu zinapungua mno, ila mara nyingi zipo zinazobaki. Kwa hiyo damu yake ni nzuri kwa sababu anameza. Akiacha kienyeji zinaweza kuanza kuzaana tena, naye asihisi chochote kwa miezi, anaendesha bajaji kama kawaida. Ikifikia hatua ya kulipuka inageuka leukemia kali, na hapo hata madaktari wanabaki na njia chache. Nilikuwa na mwenzangu wa benchi kliniki, aliacha kwa maneno hayohayo ya "nimepona". Alirudi bandama imejaa tena.

Dawa hii ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 2001. Kabla ya hapo mtu wa CML alikuwa anahesabiwa miaka. Sisi wengi wa zamani Afrika Mashariki tuliipata bure kupitia mpango wa Novartis, kampuni inayoitengeneza, na shirika la Max Foundation, maana kwa bei yake ya wakati ule fundi kama mimi asingeigusa. Nikikumbuka waliokufa kabla haijafika, siwezi kuruka dozi.

Hayo madhara ni ya kweli, asiambiwe anadeka. Macho kuvimba asubuhi kwangu kulipungua nilipopunguza chumvi na kulalia mito miwili. Misuli akamwambie daktari, anaweza kumpima madini ya damu. Mimi kilichoniumiza zaidi ni ngozi. Imatinib inaweza kumng'arisha mtu mweusi, na mtaani wakasema nimeanza mkorogo. Nilikuwa nakata kitambaa huku nawasikia. Kaka yako likimtokea ajue ni dawa, asijifiche.

Ameze akiwa ameshakula, chakula cha kushiba, na glasi kubwa ya maji, asilale hapohapo. Mimi nameza baada ya chakula cha usiku, sahani ikiwa bado mezani. Ramadhani daktari aliniruhusu nimeze baada ya futari, ila tende na uji pekee havitoshi, tumbo linachafuka, nakula kwanza muhogo au wali. Balungi aache kabisa. Na akienda popote kutibiwa ataje Imatinib, hasa akianzishiwa dawa za TB, kwani rifampicin inaipunguza nguvu. Ile mizizi hakuna anayejua inafanya nini na Imatinib, irudi kwa jirani kwa heshima.

Kuhusu mpaka lini: wengi ni ya maisha. Wapo wanaoruhusiwa kuacha, lakini ni baada ya miaka kadhaa ya dawa, kipimo cha jeni kikiwa chini sana kwa muda mrefu, tena wanapimwa karibu kila mwezi mwanzoni. Hata hao takriban nusu ugonjwa unarudi na wanaanza tena. Kaka yako bado hajafika huko.

Mtu_wa_Maabara

Naongezea kwa mzee. Kipimo anachokisema ni PCR ya BCR-ABL, damu ya mkononi tu. Kuna mashine za GeneXpert, zilezile za TB, zinaweza kukifanya zikiwekewa katriji yake. Jibu linakuja kwa asilimia ya ile jeni mbovu. Tunatazamia ishuke hadi 10 au chini ya hapo kwa miezi mitatu, 1 kwa miezi sita, 0.1 kwa mwaka. Isiposhuka si lazima iwe ni uzembe wa mgonjwa, kuna wanaohitaji kubadilishiwa dawa, mfano dasatinib au nilotinib.

Dada_wa_Kihonda

Shikamoo mzee wangu. Nimemsomea yote. Kwenye ngozi alinyamaza, kumbe nako wanamsema kijiweni na hakuniambia. PCR alipimwa mwanzoni tu, hatukujua ni ya kurudia. Na mchumba je?

Fundi_Chumbageni

Marahaba mwanangu. Haiambukizi, si kwa kula pamoja wala kulala pamoja. Wala hairithiwi: ubovu umetokea kwenye damu yake ukubwani, hakuzaliwa nao. Mimi mke wangu alikuwa na hofu hizohizo, nikaenda naye kliniki akauliza mwenyewe, akajibiwa mbele yangu. Huyo binti naye aende, amuulize daktari hata habari za watoto. Siku hiyohiyo waulizie PCR, na asilimia muiandike kwenye daftari lenu, msisubiri faili la hospitali. Vidonge vikibaki vya wiki moja awe ameshafuata vingine.