Mjadala: Kwenye fantasia, rangi ya mhusika ina kazi gani?

Nyota_ya_Tano: Tangu The Rings of Power, tamthilia ya televisheni ya dunia aliyoibuni Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, ianze kuonyeshwa 2022, mwigizaji mweusi Lenny Henry akiwa miongoni mwa Harfoot (wale Hobbit wa kale, watu wafupi wa Tolkien), kelele za "mmeingiza siasa" hazijaisha. Swali langu fupi. Mtu anayebuni dunia nzima, udongo hadi mwezi, ana wajibu wa kuweka humo watu wa rangi na tamaduni mbalimbali? Au aachwe aandike anachokiona? Hoja tafadhali, matusi wekeni mfukoni.

Mtema_Kuni: Aachwe. Tolkien alichota kwenye visa vya kale vya kaskazini mwa Ulaya, ulitaka aandike nani? Halafu tuambiane ukweli, hii ni fasihi ya Wazungu. Sisi fantasia hatuna. Tumedandia gari la watu, sasa tunalalamikia viti.

Bibi_Zimwi: Hatuna nini? Rudia. Kusadikika, nchi inayoelea angani, ni ya 1951. The Lord of the Rings imeanza kutoka 1954. Adili na Nduguze ina majini, ina ndugu waliogeuzwa manyani. Shaaban Robert alidandia gari la nani?

Mtema_Kuni: The Hobbit ni 1937, mama. Na Kusadikika si fantasia, ni siasa iliyovaa kanzu. Karama yuko kizimbani tangu mwanzo, anashtakiwa kwa kutaka watu wafunzwe uanasheria. Hilo ni zimwi la wapi?

Bibi_Zimwi: Kwa hiyo siasa ikiwa yetu inaharibu fantasia, ikiwa ya Tolkien ni "visa vya kale". Sawa.

Kinyonga77: Wakuu, mnakubali joka linalotema moto na kuongea, ila mtu mweusi mnataka aje na cheti cha kuzaliwa. Nimecheka. Tena dibaji ya Tolkien mwenyewe kwenye The Lord of the Rings inasema Harfoot walikuwa na ngozi ya kahawia kuliko Hobbit wengine.

Mtema_Kuni: Kahawia ya kuungua jua! Msomeni mtu kwa ukamilifu.

Kinyonga77: Aliandika "jua" wapi? Nipe mstari.

Mtema_Kuni: Sijibu wanaosoma kwa picha.

Roketi: Haya, mnaotetea "uaminifu kwa kitabu". Kuna yule mama wa visiwa vya wachawi, mhusika wake mkuu rangi kama shaba. Televisheni ikampa mvulana mweupe. Mlikuwa wapi siku hiyo?

Nyota_ya_Tano: Ursula K. Le Guin. Kitabu cha 1968, televisheni 2004. Mwenyewe alilalamika hadharani kwamba wameipaka chokaa Earthsea yake.

Mtema_Kuni: 2004 nilikuwa darasa la tatu. Mnataka niwe nimeandamana?

Roketi: Hukuandamana, lakini wa 2022 umeandamana. Mwaka huohuo wa 1968 Samuel Delany, mwandishi mweusi wa Marekani, alichapisha riwaya ya Nova, nahodha wa chombo cha angani akiwa na damu ya Kiafrika. John W. Campbell, mhariri wa Analog, jarida la hadithi za kisayansi, hakuitaka jaridani. Kwa simulizi ya Delany, wakala wake aliambiwa wasomaji hawataweza kujiona katika mhusika mkuu mweusi. Kwa hiyo huyo "mwandishi aachwe aandike anachokiona" alishaandika alichokiona, mkuu. Aliyefunga mlango ni mhariri. Na ndiyo maana swali la mada mimi naliona limekaa upande: linamhoji mwandishi, mwenye ufunguo hahojiwi.

Bibi_Zimwi: Bado nangoja jibu la Kusadikika.

Wino_Mkavu: Milango ilishafunguka jamani. N. K. Jemisin, mwandishi mweusi wa Marekani, amebeba Hugo, tuzo kubwa ya fantasia na hadithi za kisayansi, ya riwaya bora mara tatu mfululizo, 2016 hadi 2018. Liu Cixin wa China alishaichukua 2015. Hata tuzo ya waandishi wapya iliyobeba jina la huyo Campbell ilibadilishwa jina 2019. Kinachonikera mimi ni kingine: mhusika kapakwa rangi, basi. Anaapa kwa miungu ya Ulaya, anakaa ngome ya Ulaya, akilia analia Kiulaya. Ngozi imekuja, utamaduni umeachwa forodhani. Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, ndiyo maana mwaka 2019 alieleza kazi yake kama Africanfuturism, yenye mizizi barani kwenyewe, isiyoanza kwa kuutazama Magharibi.

Mtema_Kuni: Afadhali huyu. Ndicho nilichosema tangu mwanzo: tuandike vyetu.

Bibi_Zimwi: Hukusema hivyo! Ulisema HATUNA. Panda juu ukasome.

Kinyonga77: Na mstari wa jua bado sijaupata.

Mtema_Kuni: Mama, hasira za nini? Nionyeshe basi fantasia ya Kiswahili ya watu wazima isiyo hotuba ya siasa. Moja tu.

Bibi_Zimwi: Nagona ya Kezilahabi, 1990. Mtu anapita kwenye dunia isiyoshikika, wafu na walio hai wamechanganyikana. Hotuba iko wapi hapo? Ila najua hujaisoma.

Mtema_Kuni: Nimeisoma. Mara mbili. Sikuelewa kitu.

Bibi_Zimwi: Haya, hapo uko sawa na wengi.